Baridi Isiyotosha

Profesa Elkana Kavumbi alimwacha Inspekta Mapenzi Dzombo amesimama mlangoni hadi akamaliza chai yake. Akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja, kisha akauliza bila kuinua macho kama kituo cha polisi cha Diani hakikuwa na mtu mwingine wa kutumwa.

"Nimetoka Kwale, si Diani," Mapenzi alisema. "Upelelezi wa jinai. Na aliyenituma ndiye mkubwa."

"Basi mkubwa wako hakuelezwa jambo lenyewe."

"Alielezwa. Muange Kaloki, mtafiti wa chuo kikuu, alikutwa jana alasiri amekufa ndani ya chumba cha mashuka cha hoteli hii. Alikuwa chini yako kikazi. Naomba kuketi."

Aliketi kabla ya kuruhusiwa. Ukumbi wa kulia chakula ungeweza kuwakalisha watu mia mbili, na asubuhi hiyo ya Jumamosi ulikuwa na Profesa peke yake na paka wawili. Tangu vurugu za Likoni, mwaka uliopita, wageni wa Ulaya walikuwa wameikimbia Diani, kisha mvua za El Nino zikaja kuzila barabara. Meneja wa hoteli alikuwa amefurahi kuwapata hata wanafizikia. Walikuwa wamekuja kutoka vyuo vya Afrika Mashariki kwa mkutano wa siku chache kuhusu metali, na aliyewaita alikuwa huyu.

"Jina lako nani tena?" Profesa aliuliza.

"Inspekta Mapenzi Dzombo."

"Mapenzi." Alilionja jina lile kama chai iliyopoa. "Lingemfaa mwimbaji wa hotelini."

Mapenzi alikuwa ameitwa mabaya zaidi na watu ambao baadaye aliwasindikiza gerezani Shimo la Tewa wakiwa na pingu. Alifungua daftari lake. "Nieleze alichokuwa akifanya mle chumbani."

"Nitakueleza, ila sitarajii uelewe. Unajua umeme ni nini?"

"Nakatiwa kila wiki."

Profesa hakucheka. "Umeme ukipita ndani ya waya hupata ukinzani. Kuna metali ambazo ukizipoza vya kutosha, ukinzani huo unakwisha. Haupungui, unakwisha kabisa. Mimi nimetengeneza aloi ya namna hiyo, tantali na salfa pamoja na chembe za metali nyingine. Dunia nzima ya fizikia inalijua hilo. Tantali ni ndugu wa niobi, na niobi imejaa tele katika kilima chenu cha Mrima, pale mnapokwenda kufukiza ubani." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Miaka yote mmelala juu yake."

"Na Muange?"

"Fundi wangu. Mikono mizuri, kichwa cha wastani. Jana mchana alichukua naitrojeni ya maji, akajifungia kwenye kile kichumba ili akipoze kipande changu mpaka umeme upite bila ukinzani wowote. Alikuwa na pupa ya kuona kwa macho yake. Naitrojeni ikachemka, ikawa gesi, ikafukuza hewa yote. Akalala. Ni ajali ya kijinga, na huwapata wajinga. Andika hivyo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu, nimepumzika. Asubuhi nilijikata kidole kwa matumbawe pwani."

Alinyoosha mguu. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, na chini yake ndara za hoteli. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilifungwa bandeji nene.

"Pole," Mapenzi alisema, akafunga daftari. Sehemu ya naitrojeni alikuwa ameiandika neno kwa neno, kwa sababu hakuielewa, na asichokielewa hakuwa na desturi ya kukifupisha.

Nje, kwenye baraza, mwanamke mwembamba mwenye miwani alisimama alipomwona. Huyu alikuwa Daktari Jecinta Ngina, mhadhiri wa fizikia, aliyesoma darasa moja na marehemu. Alfajiri alikuwa amemshika Mapenzi mkono na kuanza kumwambia, kwa kwikwi, habari za elektroni kukaa safu, na Mapenzi akamwambia anywe maji kwanza, kisha arudi akiweza kusema lugha ya watu. Sasa alinyanyua mkono tena.

"Baadaye, daktari," Mapenzi alimwambia na kupita.

Baadaye alikuja kukiri kwamba pale ndipo alipopoteza nusu ya siku.

*

Chumba cha mashuka kilikuwa mwisho wa ujia wa wafanyakazi, kati ya sehemu ya kufulia na chumba cha jenereta. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu za mashuka pande mbili, meza ndogo aliyoitumia marehemu, na mlango mmoja wenye komeo kwa nje.

Mbele ya mlango huo Sajini Makau alikuwa amemweka mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki na kumsimamia kama mtu anayelinda gunia.

"Afande, kesi imekwisha," Makau alisema. "Mtu wetu ndiye huyu. Shutu Menza, mtunza stoo. Komeo la nje liko chini yake. Alhamisi aligombana na marehemu mbele ya watu, akamwambia atamfungia humo humo."

"Shikamoo, mzee," Mapenzi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie askari wako asinipande kichwani. Hoteli hii nimeanza nayo paa lake likiwa bado makuti mabichi."

"Ulisema maneno hayo?"

"Niliyasema. Alinijazia mitungi yake kati ya mashuka yangu, na mashuka yakalowa. Nilipandwa na hasira nikasema. Lakini sikufunga mlango wowote."

"Na jana mchana ulikuwa wapi?"

"Jana si ilikuwa Ijumaa? Nilikuwa msikitini Mwabungo, na wenzangu wote wa huku nyuma. Umeme ulipokatika hata kipaza sauti kilizimika, nikatumwa kwenda kuita fundi. Muulize imamu."

Mapenzi alimgeukia Makau. "Ulimwuliza imamu?"

"Bado, afande."

"Ulimwuliza nani, basi? Komeo?"

Makau alitazama buti zake. Mapenzi hakumhurumia. Sajini alikuwa na tabia ya kumkamata mtu wa kwanza asiye na tai, na mara mbili tayari mahakama ya Kwale ilikuwa imemrudishia watu wake na karipio juu.

"Umeme ulikatika hapa pia?" alimwuliza mzee.

"Kote. Jenereta hii ikiwaka, mwanangu, mtu akikupigia kelele sikioni husikii."

Basi ujia wote ulikuwa mtupu kwa ajili ya swala, na jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Mtu angeweza kupiga ukelele humo ndani mpaka sauti imkauke.

"Na vigae hivi je?" Shutu aliendelea, kwa kuwa alikuwa amepata wa kumsikiliza. "Askari wenu wameviponda kwa buti. Meneja akiviona atasema ni mimi." Akauvuta kando mkeka uliokuwa mbele ya mlango.

Mapenzi alichutama. Sakafu ya ujia ilikuwa ya vigae vya plastiki, vya kijani, vilivyochakaa lakini vizima. Chini ya mkeka tu ndipo vilipokuwa vimepasuka, tena havikuwa na alama ya kukanyagwa. Vilikuwa vimeachana kama tope lililokauka, kingo zikijikunja juu. Mipasuko ilianzia kwenye ujia, ikapita chini ya mlango, na ndani ya chumba ikatawanyika hadi miguu ya meza. Pembeni, palipokuwa na mtungi wa naitrojeni, vigae havikuwa na mkwaruzo.

"Mkeka huu ni wa hapa?"

"Si wa hapa," mzee alisema. "Huu ni wa mlango wa ukumbi wa mikutano. Sijui nani kauleta."

"Makau. Unyanyue mtungi ule."

Sajini aliuinamia, akaukumbatia, akagumia na kuuweka tena chini. "Mzito, afande. Kama umejaa."

Mapenzi alifungua kifuniko chake. Moshi mweupe ulimwagika mdomoni mwa mtungi, ukateremka sakafuni na kuyeyuka. Alisubiri Makau aone mwenyewe, kisha akaona hataona.

"Mtungi uliomwua mtu, Sajini, mbona umejaa?"

Kabla hajajibiwa, mfanyakazi wa mapokezi alikuja kumwita kwenye simu. Aliyepiga alikuwa daktari wa hospitali ya Msambweni, aliyekuwa amekwisha kuuchunguza mwili. Marehemu alikufa kwa kukosa hewa, daktari alisema. Hakuna sumu aliyoiona, hakuna kidonda, ila jambo moja. Viungo vya vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimechubuka hadi nyama.

"Kama mtu aliyepigana?" Mapenzi aliuliza.

"Kama mtu aliyegonga mlango," daktari alisema.

Aliirudisha simu mahali pake, akamwuliza yule wa mapokezi ni nani mwenye ufunguo wa ukumbi wa mikutano. Ulikuwa mmoja tu, aliambiwa, na Profesa Kavumbi alikuwa ameuchukua tangu alipofika, akisema hawaamini wafanyakazi wa hoteli. Meneja alikuwa na ufunguo wake wa milango yote, akawafungulia. Karibu na jukwaa palikuwa na mtungi wa pili, ndugu wa ule wa kwanza. Makau aliunyanyua kwa mkono mmoja.

Ulikuwa mtupu.

"Mtu aliubeba huu hadi kule nyuma," Mapenzi alisema polepole, "akatia komeo, akaumimina chini ya mlango. Kisha akaurudisha, akachukua mkeka wa hapa kwenda kufunika vigae vilivyopasuliwa na baridi. Na komeo akalifungua baadaye, ili ionekane ajali."

"Profesa?" Makau alinong'ona, kama mtu aliyeambiwa kwamba askofu ameiba mbuzi.

"Ufunguo ni wake. Lakini akisema Muange ndiye aliyeuchukua mtungi, nani atambishia? Na mtu kama yeye anamwua fundi wake kwa lipi?"

*

Jecinta Ngina alikuwa bado barazani. Macho yalikuwa yamekauka, na hakusimama.

"Sasa unataka kunisikiliza," alisema.

"Sasa nataka."

"Asubuhi uliniambia niseme lugha ya watu."

"Nilikosa. Sema yoyote, nitakufuata."

Daktari alimtazama kwa muda, akiamua kama anastahili. "Umewahi kungojea feri Likoni siku imeharibika?"

"Nani hajangojea?"

"Elektroni ndani ya metali ni kama umati ule. Kukiwa na joto wanapita, lakini kwa kusukumana na kugongana. Kugongana huko ndiko ukinzani. Baridi ikiingia wana njia mbili. Ya kwanza, wakae chini safu kwa safu, kila mmoja mahali pake. Wakishakaa hivyo, kupita ni taabu. Ukinzani unaruka juu ghafla, mara kumi. Ya pili, washikane mikono wawili wawili, waingie ferini wote kwa hatua moja bila kugusana mabega. Hapo ukinzani hakuna tena."

"Hawawezi kufanya yote mawili?"

"Katika metali hii, ni watu wale wale. Aliyekaa hatembei. Ndiyo maana mambo haya mawili yanagombana. Tantali na salfa vikiwa safi, elektroni hukaa chini, basi. Lakini ukichanganya na chembe za metali nyingine, ni kama kuwatupia magunia katikati ya safu. Hawapati tena pa kukaa kwa mpango, wanainuka. Na wakiinuka, ukizidi kuwapoza, huenda wakashikana mikono."

"Na Profesa anadai amefanya hivyo."

"Ametangaza. Amepewa maabara na cheo kwa ajili hiyo. Sisi wengine tumejaribu kurudia kazi yake na tumeshindwa, naye hutuambia tumeshindwa kwa sababu ni sisi."

Mapenzi alifungua daftari na kusoma. "'Ili akipoze kipande changu mpaka umeme upite bila ukinzani wowote.' Hayo ni maneno yake, asubuhi hii."

Jecinta alivua miwani. "Kwa kutumia nini?"

"Naitrojeni ya maji."

"Alikwambia hivyo? Kavumbi mwenyewe?"

"Neno kwa neno."

Daktari alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Inspekta, naitrojeni ni baridi, ndiyo. Itakuunguza. Lakini kwa metali hii ni kama jua la adhuhuri. Ili elektroni hizi zishikane mikono unahitaji heliamu ya maji, na heliamu ya maji hatuna hapa. Vipimo vyake vyote hudai vilifanyiwa ng'ambo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniandikia jambo hilo namrudisha nyumbani."

"Huenda alijisahau."

"Hakujisahau. Hakujisumbua tu. Hakuona haja ya kukutungia wewe uwongo mzuri."

Mapenzi aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Yalikuwa ya kweli, na ya kweli yalikuwa yanamfaa.

"Basi Muange alikuwa anatafuta nini kwa naitrojeni?"

"Ule mruko. Kwa hilo naitrojeni inatosha na kubaki. Kipande kikiruka, hakikutiwa chembe yoyote. Ni metali safi, na dai la Profesa ni uzushi mtupu. Muange alikuwa na shaka tangu mwaka jana. Leo Profesa angewaonyesha wageni wa mkutano kipande kisichoruka. Ningekula kiapo kwamba angeweka bati la shaba badala ya aloi yake."

"Na kama Muange alipima, akauona mruko, angefanya nini? Angekuja kwako?"

"Angekwenda kwake kwanza." Jecinta alirudisha miwani usoni. "Angemwamkia, angeomba radhi kwa kumsumbua, na angemwambia. Ndivyo alivyolelewa kwao Taru."

*

Profesa Kavumbi aliingia ukumbini saa ya chakula, akichechemea kwenye ndara zake, na kukuta meza imewekwa katikati. Juu yake palikuwa na mtungi uliojaa, mita kubwa ya kupima umeme unaopita, yenye mshale, na fimbo nyembamba aliyoitengeneza marehemu, yenye nyaya na kipima joto nchani. Kando yake palikuwa na vitu viwili vilivyookotwa kwenye meza ya chumba cha mashuka: kisanduku cha kioo chenye jina la Profesa, na kikopo cheusi cha filamu ya kamera. Jecinta alisimama nyuma ya meza. Makau alifunga mlango.

"Sarakasi gani hii?"

"Keti, Profesa," Mapenzi alisema. "Asubuhi ulinifundisha, nami nataka kukuonyesha kama nimeelewa. Ulisema naitrojeni ya mle chumbani ilichemka ikamwua. Mtungi wa mle chumbani ni huu. Umejaa."

"Basi alitumia wa ukumbini."

"Ufunguo wa ukumbi ulikuwa nao wewe."

"Nilimpa."

"Akauleta, akajifungia, akaumimina kutoka nje ya mlango kwenda ndani, kisha akaurudisha hapa akiwa maiti? Vigae vimepasukia ujiani, Profesa. Na mikono yake imechubuka kwa kugonga mlango usio na komeo upande wa ndani."

Profesa alijipangusa mkono wa suti. "Wewe ni wa kuhesabu vigae. Sina la kujadiliana nawe. Niletee mtu aliyesoma."

"Yupo. Daktari Ngina anasema naitrojeni haiwezi kuondoa ukinzani katika kipande chako. Hata siku moja."

Kwa mara ya kwanza macho ya Profesa yalimwendea Jecinta, yakarudi. "Nilirahisisha. Kwa ajili yako."

"Hukurahisisha. Ulisema jambo lisiloweza kutokea. Ungekuwa unaogopa polisi hata kidogo, ungeniambia Muange alikuwa anatafuta mruko, na mimi ningeandika na kwenda zangu. Lakini mruko ndio uliotaka usitajwe. Ukaokota la kwanza lililokujia mdomoni, kwa kuwa msikilizaji ni mimi." Alimwashiria Jecinta. "Anza."

Jecinta alifungua kisanduku cha kioo kwa kibano. Kipande kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, cha rangi ya dhahabu. Alikibana chini ya nyaya, akaiteremsha fimbo kidogo kidogo kwenye mdomo wa mtungi, ndani ya ule moshi. Mshale wa mita ulipanda taratibu. Kisha, pasipo kuguswa na mtu, ukaanguka karibu hadi mwanzo.

"Wamekaa chini," Mapenzi alisema.

"Mita mbovu," Profesa alisema.

"Itatengenezwa. Jioni utakwenda nami Msambweni, daktari akitazame hicho kidole. Kilichokatwa na matumbawe kina mdomo. Kilichounguzwa na baridi kina malengelenge. Hata mimi najua tofauti."

Profesa aliuvuta mguu chini ya kiti. Hakuonyesha hofu; alikaa kama mtu anayengoja mtumishi atoke chumbani. Mapenzi alikuwa tayari kumwambia Makau alete pingu, lakini Jecinta alikuwa amekwisha fungua kikopo cha filamu.

"Hiki sikukijua," alisema. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na kipande cha pili. Hakikuwa cha dhahabu hasa. Kilikuwa na weusi kidogo, kama shaba iliyoguswa sana. "Hiki si cha Profesa. Muange alikuwa na tanuri dogo kwenye maabara ya wanafunzi. Alikuwa akipika vyake mwaka mzima, hakumwambia mtu anapika nini. Tulikuwa tukimtania."

"Kipime," Mapenzi alisema, bila kujua atapata nini.

Fimbo iliteremka. Mshale ulipanda. Uliendelea kupanda. Jecinta aliishusha fimbo mpaka kipande kikazama kabisa kwenye naitrojeni na mtungi ukachemka kwa kelele, na mshale ulikuwa bado uko juu, umetulia.

Kisha kiti kilikwaruza sakafu, na Profesa Kavumbi akawa amesimama mezani, uso wake karibu na kioo cha mita.

"Rudia," alisema.

Jecinta alimtazama Mapenzi. Mapenzi alitikisa kichwa kukubali. Fimbo ilitoka, ikapata joto, ikateremka tena. Mshale haukuanguka.

"Ukinzani haujaruka," Profesa alisema. Ile sauti ya kulipima kila neno ilikuwa imemtoka. "Safu zimevunjika. Hii ni aloi. Hii ni aloi kweli."

"Kama itashikana mikono hatujui," Jecinta alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini mkono ulioshika fimbo ulikuwa imara. "Hiyo ni kazi ya heliamu. Ila kile ulichokitangaza wewe, yeye alikifanya."

"Alisema kuna jambo la pili." Profesa hakuwa anazungumza na yeyote. "Alisimama mlangoni pangu. Alisema, 'Kipande chako kimeruka, Profesa, nisamehe. Lakini kuna jambo la pili, njoo nikuonyeshe.' Nilidhani anataka kunidhihaki. Nilimwambia atangulie."

Makau, aliyekuwa haelewi kitu tangu mwanzo, alielewa hilo. Alitoa daftari na kuanza kuandika bila kuambiwa.

"Ukamfuata," Mapenzi alisema.

"Nilimfuata." Bado alikuwa anautazama mshale. Kisha aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama Inspekta usoni, kama mtu anayemwomba mwenzake kitu. "Alitia nini humu? Metali gani? Kwa joto gani? Lazima kuna mahali amesema. Lazima amemwambia mtu."

Jecinta alitikisa kichwa.

"Alikuwa anakuja kukwambia wewe," Mapenzi alisema, na kuzitoa pingu mfukoni mwake mwenyewe. "Nipe mikono."